Injini imechemsha mpaka ikajizima: nisage hedi au ninunue injini nyingine?

"Fundi, shikamoo. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Wiki tatu zilizopita mdogo wangu alikuwa anatoka nalo Morogoro kuja Iringa, watu wanne ndani na AC imewashwa. Wakati anapanda mlima wa Kitonga taa nyekundu ya joto ikawaka. Aliogopa kusimama kwenye zile kona, malori yakiwa nyuma yake, akaendelea. Gari likaanza kukosa nguvu, likatoa mlio kama kokoto ndani ya debe, kisha likajizima lenyewe. Lilipopoa aliongeza maji chupa tatu za lita moja na nusu, zote zikaingia. Likawaka kwa shida, moshi mweupe nyuma, akajikongoja nalo hadi Ilula, na kutoka hapo likavutwa. Sasa lipo nyumbani. Fundi wa kwanza anasema ni gasketi tu, tusage hedi, siku mbili kazi imeisha. Wa pili anasema injini imekufa, ninunue ya mtumba Dar es Salaam. Jirani anataka kulinunua hivyo hivyo lilivyo. Hela niliyonayo inatosha jambo moja, si mawili. Nifanye lipi?"

Marahaba, dada yangu. Pole sana. Nianze na katazo: kuanzia sasa mtu yeyote asiwashe injini hiyo, hata fundi akitaka "kuisikiliza kidogo". Kama gasketi, ile sili iliyo kati ya hedi na mwili wa injini, imeungua, kuna uwezekano mkubwa maji yamekuwa yakijipenyeza kwenye silinda wiki zote hizi tatu. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda ikayakuta juu yake, kitakachopinda ni konrodi, yaani mkono unaoshikilia pistoni, na utakuwa umeongeza hasara ambayo hata Kitonga haikukupa.

Katika maelezo yako, kilichonishtua si taa nyekundu wala moshi mweupe. Ni zile chupa tatu. Hizo ni lita nne na nusu, na mfumo mzima wa kupozea wa gari kama lako hubeba karibu lita tano. Maana yake mdogo wako, bila kujua, alimalizia mlima ule na injini karibu kavu. Hiyo ni hali nyingine kabisa, tofauti na gari lililochemsha dereva akasimama palepale maji yakiwa bado yamo. Mafundi wengi huuliza "limechemsha?" na wakijibiwa ndiyo, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye gasketi. Swali linalonisaidia mimi ni hili: lilitembea kwa muda gani baada ya maji kuisha?

Na hapa nimtetee kidogo huyo kijana. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale wa joto. Kuna taa ya bluu injini ikiwa baridi, taa hiyo huzima ikipata joto, kisha hakuna habari yoyote mpaka nyekundu iwake, na ikiwaka mambo yameshaharibika. Zaidi ya hapo, kihisi cha joto kimetengenezwa kukaa ndani ya maji. Maji yakiondoka, kinabaki kwenye hewa na mvuke, na kinaweza kusoma joto dogo kuliko lile lililopo kwenye chuma. Akikwambia kwamba taa ilizima kidogo akadhani limepoa, mwamini. Kusimama kwenye kona za Kitonga nako si jambo jepesi.

Sasa tuone moto umefanya nini humo ndani. Hedi ya 1NZ, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, ni ya alumini. Bloku, mwili wa injini chini ya hedi, nayo ni ya alumini, yenye silinda nyembamba za chuma zilizomiminiwa ndani yake. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi inataka kutanuka, boliti kumi zimeishikilia, basi inapinda kama upinde. Gasketi iliyo katikati inapondeka. Gesi ya mlipuko inapata njia ya kuingia kwenye maji, inayasukuma nje, na maji yanavyopungua joto linazidi. Hiyo ndiyo sehemu ya juu, na fundi wako wa kwanza anaijua vizuri. Hakudanganyi.

Ila kuna sehemu ya chini. Pistoni ikipata joto kupita kiasi hutanuka ndani ya silinda, inaufuta utando wa oili, inaanza kukwaruza ukuta. Ringi, ambazo kazi yake ni kusukuma nje kama springi, zinapikwa zinalegea. Oili inakuwa nyepesi kama maji, na bearing za konrodi zinabaki bila mto. Ule mlio wa kokoto ndani ya debe ni mafuta yanayojiwakia kabla ya wakati kwa sababu ya joto. Kila mlio ni nyundo juu ya pistoni. Na gari kujizima lenyewe kunaniambia kwamba ama mbano wa hewa ndani ya silinda ulikuwa umeshapotea, ama pistoni zilikuwa zinaanza kukaba.

Nimeshafunga hedi nyingi kwenye injini za namna hii, hedi iliyosagwa vizuri, gasketi mpya, maji hayapotei hata tone. Mteja anaondoka akishukuru. Baada ya miezi miwili anarudi: moshi wa bluu, kila baada ya siku chache anaongeza oili. Kazi ya juu ilikuwa safi, chini kulikuwa kumeshaungua, na hela yake ilikuwa imeshatumika juu. Ndiyo maana siku hizi sikubali kufungua hedi ya gari lililokwenda kavu kabla sijapima chini. Kupima ni gharama ndogo sana ukilinganisha na lolote kati ya hayo mawili unayofikiria.

Kesho asubuhi mwite fundi yeyote mwenye mikono safi afanye hivi. Atoe waya wa betri. Atoe plagi zote nne na kuzipanga kwa mpangilio wake. Plagi iliyooshwa nyeupe au yenye kutu inaonyesha silinda iliyoingia maji. Kisha amimine kijiko cha oili safi katika kila silinda, aizungushe injini taratibu kwa spana, kwa mkono, kupitia boliti ya puli ya krankishafti, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni. Si kwa stata. Maji yaliyomo yatatokea kwenye matundu ya plagi. Kama inazunguka laini, tumshukuru Mungu tuendelee. Kama inakwama mahali na kuachia, au haizunguki kabisa, mazungumzo ya kusaga hedi yameishia hapo. Hili la oili ni la haraka, kwa sababu silinda iliyokaa na maji wiki tatu inashika kutu, na kutu hula ringi.

Halafu achomoe kijiti cha oili na kufungua boliti ya kumwagia. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Utando mdogo wa njano chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutishe, unatokea hata kwa gari zima linalotembea safari fupi kwenye baridi ya Iringa. Mwambie aipitishe oili kwenye kitambaa cheupe juani. Vimeta vya rangi ya fedha au shaba ni bearing zinazolia.

Baada ya hapo ndipo kipimo chenyewe, cha mbano wa silinda. Injini izungushwe na stata huku plagi zote ziko nje, betri imejaa chaji, mafuta na umeme wa plagi vimekatwa, kanyagio la mafuta limekanyagwa mpaka mwisho. Kwa 1NZ-FE kiwango cha kiwandani ni kilo 15 kwa sentimita ya mraba, karibu psi 213, na chini kabisa kinachokubalika ni kilo 11, karibu psi 156. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo moja. Andika namba zote nne kwenye karatasi, usikubali kuambiwa "ziko sawa tu".

Namba zenyewe zinazungumza. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini sana na nyingine mbili ziko vizuri, gasketi imekatika katikati yao, na hiyo ni habari njema. Zote nne zikiwa chini kwa pamoja, ongeza kijiko cha oili katika kila moja na upime tena. Zikipanda sana, oili imeziba nafasi ambayo ringi zilitakiwa kuziba, kwa hiyo ringi au silinda ndizo zimekwisha. Zisipopanda, angalia vali na gasketi. Hapa nitoe tahadhari: mbano mzuri haumaanishi gasketi ni nzima. Gasketi inaweza kuvujisha gesi kidogo kwenda kwenye maji na kipimo kisione. Kwa hilo pampu ya mkono hufungwa kwenye mdomo wa rejeta, mfumo unajazwa hadi presha ya mfuniko wake, kama kilo moja hivi, unaachwa, kisha unachungulia kwenye matundu ya plagi kama maji yanachuruzika.

Vikipita hivyo vyote, yaani injini inazunguka laini, oili haina vimeta, mbano haujaanguka kwenye silinda zote nne kwa pamoja, basi fundi wa kwanza ana hoja na unaweza kufungua hedi. Lakini ifunguliwe kwa masharti.

Hedi ikishatoka, ikaguliwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na vile vipande vyembamba vya kupimia nafasi tunavyoviita fila. Kupinda kunakoruhusiwa upande wa bloku ni milimita 0.05, pungufu ya unene wa unywele. Juu ya bloku ni hivyo hivyo, na hapo ndipo watu husahau: wanasaga hedi ikawa kama kioo, wanaifunga juu ya bloku iliyopinda. Jingine ambalo fundi kerezo wa kweli atalijua ni kwamba hedi ikipinda, inapinda yote, chini na juu. Ukiisaga chini ikanyooka, juu ambako kemushafti, shafti inayofungua vali, hulala bado pamepinda. Kemushafti inabanwa katikati, inakula, na siku moja inakatika. Kipimo chake hakihitaji mashine. Lazeni kemushafti mahali pake bila vali wala springi, fungeni vifuniko vyake kwa nguvu inayotakiwa, izungusheni kwa vidole. Isipozunguka kwa vidole, hedi hiyo ni chuma chakavu, na kuisaga ni kuitupa hela.

Waambie pia waijaze maji ya presha hedi kabla ya kuisaga, si baada, ili kama ina ufa kati ya viti vya vali ujulikane mapema. Boliti kumi za hedi zinunuliwe mpya. Boliti hizi hufungwa kwa nguvu ndogo kwanza, kisha kila moja inazungushwa nyuzi 90 mara mbili, kuanzia katikati kwenda pembeni, na kufungwa huko kunazivuta. Anayekuambia atazifunga kwa kuhisi mkono, achana naye. Na bloku ya alumini iliyopikwa inaweza kuachia nyuzi zake, yaani mifereji inayoshika boliti, boliti inapokazwa. Ikitokea hivyo kwenye tundu moja kuna namna ya kuweka nyuzi mpya za chuma. Ikitokea kwenye matatu, bloku imelainika.

Nikupe maoni yangu wazi, kwa sababu ndiyo uliyoyataka. Kwa simulizi hii, gari kavu, mlio wa kokoto, kujizima, halafu likaendeshwa tena hadi Ilula, naona uwezekano wa sehemu ya chini kuwa salama ni mdogo. Kuitengeneza chini nako si kama injini za chuma za zamani ambazo tulikuwa tunachonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi tukasahau. Silinda za 1NZ ni nyembamba, nafasi ya kuchonga ni finyu, na ukijumlisha pistoni, ringi, bearing na kazi ya kerezo, mara nyingi utafika kwenye bei ya injini kamili ya mtumba au kuipita. Kwa hiyo vipimo vikikataa hata kimoja, mimi niko upande wa fundi wa pili: weka hela yako kwenye injini nyingine. 1NZ ilifungwa kwenye magari mengi ya Toyota, Vitz, Raum, Probox, kwa hiyo si ya kutafutwa kwa tochi.

Ila kununua injini ya mtumba kunahitaji macho. Ukienda Gerezani au popote zinapouzwa, nenda na fundi wako na kile kipimo cha mbano. Muuzaji wa kweli atakubali ipimwe ikiwa chini, kwa betri na stata. Fungua mfuniko wa oili: ndani pawe na rangi ya asali, si lami. Chungulia mdomo wa maji: kutu nyekundu ni dalili ya injini iliyonyweshwa maji matupu miaka mingi. Tazama herufi zilizochongwa kwenye bloku. Unataka 1NZ-FE. Ukiona 1NZ-FXE, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya magari ya Prius yanayosaidiwa na mota ya umeme, si yako. Baadhi ya 1NZ-FE hufunguliwa hewa kwa waya kutoka kwenye kanyagio, nyingine kwa umeme. Nunua inayofanana na uliyonayo, la sivyo utahamia kwenye matatizo ya nyaya. Risiti iandikwe namba ya injini na siku za dhamana. Namba hiyo itakuwa tofauti na iliyo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo nenda TRA ukairekebishe mapema. Usingoje siku ya kuuza gari ndipo uulizwe.

Injini ikiwa bado chini, kabla haijafungwa, badilisha sili ya nyuma ya krankishafti, wotapampu, themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) na mkanda. Vitu hivyo ni bei ndogo sasa, na kazi kubwa baadaye.

Na sasa nifike kwenye lile linaloniuma zaidi, kwa sababu hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyekuuliza: kwa nini lilichemsha? Ukifunga injini nyingine kwenye rejeta ileile, mfuniko uleule na feni ileile, utapanda nayo Kitonga na yatakukuta yaleyale.

Muulize mdogo wako kama taa ya betri iliwaka pamoja na ile ya joto. Kwenye 1NZ mkanda mmoja huzungusha jenereta na wotapampu. Zikiwaka zote mbili, mkanda ulikatika au ulichomoka, na umeshampata mhalifu. Kama haikuwaka, angalia mipira ya rejeta na plastiki ya juu ya rejeta, ambayo ikizeeka hupasuka mstari mwembamba usioonekana injini ikiwa baridi. Angalia feni. Mlimani gari linakwenda polepole, upepo wa mbele hautoshi, feni ndiyo inabeba kazi yote, na AC inaongeza mzigo.

Mfuniko wa rejeta watu wanauona kama kizibo tu. Maji hapa Iringa, kwa mwinuko huu, huchemka karibu nyuzi 95. Mfuniko mzima hubana mfumo, na kwa presha ya kama kilo moja maji yanavumilia hadi karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Mpira wake ukichoka, umepoteza akiba hiyo yote. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja leo.

Na themostati. Kuna fundi yeyote aliyewahi kukutolea themostati "ili gari lipoe vizuri"? Hilo limeenea sana kwetu na ni kosa. Bila hiyo injini inafanya kazi baridi kila siku, inakula mafuta, inachafua oili, na kuharibika kwa rejeta kunajificha mpaka siku ya mlima mrefu. Ya 1NZ huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ichemshe kwenye sufuria ya maji uione ikifunguka kwa macho yako. Rejeta yenyewe ikaoshwe ndani, au ibadilishwe kama mirija imeziba, na baada ya hapo iwekwe kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, si maji ya bomba wala ya kisima. Chumvi ya maji hula alumini na kuacha magamba kwenye mirija. Dawa za kumwaga za kuziba uvujaji usiziweke kabisa. Haziponyi gasketi, ila mirija ya rejeta zitaiziba.

Kuhusu jirani: usimuuzie kabla ya vipimo. Bila zile namba, bei ataipanga yeye. Ukiwa nazo, kama mbano ni mzuri, unauza gari linalohitaji gasketi. Kama ni mbaya, unauza bodi nzima, gia boksi na magurudumu, na unajua thamani yake.

Kwa hiyo kesho ni plagi, oili, spana ya mkono. Keshokutwa kipimo cha mbano, kwanza kavu, halafu kwa kijiko cha oili. Niandikie zile namba nne za kwanza na nne za pili, rangi ya oili, na jibu la mdogo wako kuhusu taa ya betri. Hela yako ikae mfukoni mpaka hapo.